Mgongo wa Mama Mkwe

Siku chache baada ya kupasuliwa nilipiga chafya, na hapo ndipo nilipojua tumbo langu lilikuwa likifanya kazi gani miaka yote niliyoishi. Nilikuwa nimelala ubavu, mtoto ameshanyonya na kusinzia, upepo wa Sumbawanga unapenya chini ya mlango kama kawaida yake. Pua ikawasha. Nikaibana kwa vidole, ikanishinda. Chafya ilipotoka nilihisi kama mtu ameushika mshono kwa mikono miwili na kuuvuta huku na huku. Nikapiga yowe, na yowe lenyewe likauma kuliko chafya.

Mama mkwe alikuja mbio kutoka jikoni, mwiko bado uko mkononi.

"Nini tena, mwanangu?"

"Chafya, mama."

Alisimama akanitazama, midomo ikimcheza. Alitaka kucheka na aliona haya kucheka. Mimi nilipouona uso wake nikaanza kucheka, na kicheko nacho kikauma, nikajikuta nacheka na kulia kwa pamoja. Alichukua mto, akaniwekea tumboni, akaukandamiza kwa kiganja mpaka nikatulia.

Kabla ya hapo sikuwahi kufikiria kwamba mtu anacheka kwa tumbo. Wala kwamba anakohoa kwa tumbo, anageuka kitandani kwa tumbo, anamwita jirani ng'ambo ya uzio kwa tumbo. Nilidhani sauti inatoka kooni na nguvu inatoka mikononi. Sasa mikono yangu ilikuwa mizima, miguu mizima, koo zima, na bado sikuweza kuinuka peke yangu kukaa. Ilibidi nishike ukingo wa kitanda, nijiviringishe kama gogo, halafu mama mkwe aniingizie mkono chini ya bega na kunisimamisha. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu. Mimi nilikuwa sijafika thelathini.

Tulikaa mtaa wa Chanji, mimi na mume wangu, nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na jiko la nje. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, akishuka ziwani Kirando kuchukua dagaa na kupanda nao mjini, kwa hiyo siku nyingi hakuwapo. Mama yangu mzazi ndiye aliyestahili kuja kunitunza. Lakini sisi kwetu ni wafugaji, wazazi wangu walihama na ng'ombe kutoka Usukumani na kukaa chini bondeni, na mvua za mwaka ule zilikuwa zimeharibu njia. Ndipo mama mkwe akaja, akiwa na unga wa ulezi, maharage, na jogoo aliyefungwa miguu. Alikuja Desemba, wakati kila mtu kijijini kwake yuko shambani anapanda mahindi.

Nilimuuliza, "Na shamba, mama?"

"Shamba halina mshono," akasema, akaingia jikoni.

Neno hilo lilinikaa. Kila nilipomwona anapepeta maharage uani nilifikiria ardhi yake kule juu kijijini, imelowa, inasubiri mbegu.

Kila asubuhi alinikanda kwa maji ya moto, halafu akanifunga tumbo. Alikuwa na kitenge cha zamani, kimefuliwa mpaka maua yake yamefifia, akakikunja mara mbili na kukizungusha kuanzia chini ya matiti hadi nyongani. Alikivuta kwa nguvu, goti lake limegandamiza ukingo wa kitanda.

"Toa pumzi. Toa yote. Tumbo la mzazi lisipofungwa linabaki limening'inia kama gunia lililomwagwa mahindi."

Baada ya kufungwa nilijisikia mzima. Niliweza kusimama wima, niliweza hata kutembea hadi mlangoni. Tatizo lilikuwa kikifunguliwa. Hapo nilianguka ndani yangu mwenyewe, mgongo ukauma juu ya kiuno, na nikikohoa mkojo ulichuruzika. Hilo la mkojo sikumwambia mtu. Nililificha mpaka siku ya kliniki ya mtoto, nikamnong'oneza muuguzi, naye akanielekeza chumba cha mwisho kwenye korido, kwa dada mmoja anayefundisha watu mazoezi ya viungo.

Dada yule alinilaza chali juu ya godoro jembamba, akaniambia nikunje magoti. Akaweka vidole vyake juu kidogo ya kitovu.

"Inua kichwa kidogo, kama unataka kuona miguu yako."

Niliinua. Vidole vyake vikazama ndani ya tumbo langu kama vimeingia kwenye unga. Nilishtuka.

"Usiogope," akasema. "Misuli ya mbele imeachana katikati. Mtoto alihitaji nafasi, ikampisha. Sasa haijarudi."

Akanieleza, bila haraka, huku akinigusa sehemu moja baada ya nyingine. Mbele kuna misuli inayoshuka kutoka mbavuni hadi kinenani. Pembeni kuna mingine iliyolala mshazari, ndiyo inayotusokota tukigeuka. Ndani kabisa kuna mmoja unaozunguka kiwiliwili chote kama mkanda. Nyuma kuna ile inayopanda na uti wa mgongo. Juu, chini ya mapafu, kuna kiwambo kinachoshuka tukivuta pumzi. Na chini kabisa kuna misuli inayobeba kila kitu, ndiyo iliyokuwa inaniaibisha kila nikikohoa.

"Hiyo yote inafanya kazi pamoja," akasema. "Wewe ukitaka kuinua ndoo, kabla mkono haujainuka, tumbo limeshajikaza bila kukuambia. La kwako sasa hivi limesahau. Tutalikumbusha."

Kulikumbusha kwenyewe kulikuwa kazi ya ajabu. Kulala chali, magoti yamekunjwa, kuvuta pumzi mpaka mbavu zifunguke pembeni, halafu kuitoa polepole huku kitovu kinashuka kuelekea mgongoni. Basi. Asubuhi, mchana na jioni. Nisibebe kitu kizito kuliko mtoto wangu.

"Na kitenge?" nikauliza.

"Kifunge kidogo tu, tena si siku nzima. Ukikifunga sana, msuli unaona kazi imechukuliwa, unazidi kulala."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo mdomoni, nikamkuta mama mkwe ameshafua nepi zote, zimeanikwa kwenye kamba zinapigwa na upepo, na kitenge amekipiga pasi ya mkaa na kukikunja vizuri juu ya mto wangu. Sikuweza kumwambia. Aliponifunga kesho yake nilitoa pumzi kama alivyotaka. Alipotoka kwenda sokoni Majengo nikakilegeza, nikalala chali, nikafanya mazoezi. Niliposikia geti nikakikaza tena haraka, na kwa sababu vidole vyangu havikuwa na ufundi wake, fundo lilikuwa baya. Aliliona. Alilifungua na kulifunga upya.

Siku nyingi zilipita hivyo, na kila siku nilijiona mwizi. Yeye alikuwa anachanja kuni, mimi nimelala ninapumua. Yeye anakoroga uji, mimi nimekunja magoti natazama dari. Ukiwa mgonjwa wa homa watu wanakuona unatetemeka. Mimi nilinenepa, uso ukang'aa kwa uji wa ulezi, na kwa macho ya mtu yeyote nilikuwa mwanamke mzima aliyejilaza wakati mama wa mume wake anafanya kazi za nyumba.

Nami nilipenda kumtazama akifanya kazi, hilo nalo lilinisumbua. Baada ya yule dada kunieleza yale ya misuli nilianza kumwona mama mkwe kwa macho mengine. Akiinama kuokota kitu hakupinda mgongo. Alikatikia nyongani, mgongo umenyooka kama meza, na aliweza kubaki vile muda mrefu, akipalilia mchicha nyuma ya nyumba huku anazungumza na mtu barabarani. Akijitwisha ndoo, alivuta pumzi fupi, tumbo likaingia, shingo ikarefuka, na kuanzia hapo kiuno ndicho kilichotembea, ndoo ikabaki imetulia hewani. Akikasirika hakusema, aligeuza mgongo, na mgongo wenyewe ulikuwa na maneno. Na siku ya jumuiya wanawake wenzake waliposali nyumbani kwetu kumshukuru Mungu kwa mtoto, alipiga kigelegele kimoja ambacho niliona kikianzia chini ya mbavu kabla hakijafika mdomoni. Mtoto alishtuka, kisha akasinzia tena.

Mimi nilikuwa mwanakwaya kabla ya ujauzito. Nilikuwa naimba sauti ya kwanza, na nilipewa mistari ya kuimba peke yangu. Wiki ile nilijikongoja hadi mazoezi ya kwaya, nikamwachia mama mkwe mtoto. Mwalimu wa kwaya akanipa mstari wangu wa zamani. Nilifungua mdomo, noti ya kwanza ikatoka, ya pili ikapanda, ya tatu ikakatika kama uzi. Wenzangu walitazama vitabu vyao.

"Sauti imehamia kooni," mwalimu akasema kwa upole. "Hakuna kitu chini kinachoibeba. Pumzika kwanza."

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Nikalala mkekani sebuleni, mlango nimesahau kuufunga, nikaanza kupumua, na sijui nilipumua kwa muda gani. Nilipofungua macho mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mzigo wa kuni kichwani, mtoto mgongoni, mvua inamtiririka usoni. Kitenge changu kilikuwa kimelala sakafuni.

Alikitazama kitenge. Akanitazama mimi. Akaingia ndani akatua kuni. Baadaye nilimsikia akizungumza na dada yake kwa simu, kwa Kifipa, ambacho mimi sikijui zaidi ya salamu. Lakini sauti ya mtu anayelalamika haina haja ya kamusi.

Jioni, baada ya kula, aliniuliza, "Mwanangu, unaumwa au unapumzika?"

Nikamweleza yote. Vidole vilivyozama, kiwambo, mkanda wa ndani, mkojo. Nilipofika kwenye mkojo niliangalia chini. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imefumbatwa mapajani.

"Kwa hiyo kazi uliyopewa ni kupumua."

"Ndiyo, mama."

"Na kitenge changu kinakuharibia."

"Hakiharibu, mama. Kinatakiwa kidogo tu."

Alicheka, kicheko chake kile cha kutikisa mabega, lakini hakikuwa kirefu. "Mimi nilizaa watoto saba, nikafungwa mara saba. Hakuna aliyeniambia nipumue." Kisha akainuka, akakusanya vyombo. "Haya basi. Wewe pumua. Kazi nyingine mimi nipo."

Angenigombeza ningelala usingizi. Tangu siku ile alinizuia kushika hata ufagio. Nikisogelea sufuria, "Nenda ukapumue." Nikiinamia beseni, "Daktari wako amesema nini?" Alibeba vyote, na alibeba kwa ajili ya kitu asichokiamini, kwa sababu tu mimi nilikuwa nimekiamini.

Februari mabomba ya mtaani kwetu yalikauka katikati ya mvua, kama yanavyofanya. Maji yalikuwa kisimani, chini ya mteremko, na njia ilikuwa tope tupu. Asubuhi ile nilikuwa mkekani. Nilimsikia akichukua ndoo. Nilimsikia akisema kutoka uani, "Naenda kukuletea maji ya kuoga, mwanangu." Nilikuwa katikati ya kutoa pumzi, kitovu kimeshuka, na sikutaka kukiachia, kwa hiyo sikujibu. Nilidhani nitamjibu akirudi.

Aliyekuja alikuwa jirani. "Mama ameanguka."

Nilimwachia mtoto nikakimbia, kama mtu mwenye tumbo lile anavyoweza kukimbia, nimelishika kwa mikono miwili. Nilimkuta ameketi kwenye tope kando ya mfereji, miguu imenyooka mbele, uso umekuwa wa kijivu. Ndoo ilikuwa pembeni yake, imesimama, ina maji zaidi ya nusu. Wanawake waliokuwa kisimani walinieleza. Mguu uliteleza, na badala ya kuiachia ndoo aliidaka kwa mikono yote na kujisokota ili isimwagike, ubavu wake ukapiga ukingo wa jiwe.

"Maji hayakumwagika yote," akaniambia. Alisema maneno mawili mawili, akipumua katikati.

Tulimpakia kwenye bajaji. Hospitalini walisema mbavu mbili zimepata ufa na misuli ya mgongo upande mmoja imechanika. Hakuna plasta ya kuweka. Ni dawa ya maumivu, kutulia, na kusubiri.

Mume wangu alifika kutoka ziwani siku iliyofuata, bado ananuka dagaa. Alimsalimia mama yake, akakaa kwenye kigoda, akauliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri tangu jana yake.

"Nani alimtuma mama maji kwenye tope lile?"

Nilifungua mdomo. Mama mkwe akanitangulia.

"Nilijituma. Mimi si mtoto."

Hakuuliza tena. Lakini wakati wa kula aliitazama ndoo iliyokuwa kwenye kona, halafu akanitazama mimi, kisha akatazama sahani yake. Hakuwa ananilaumu, baadaye aliniapia hivyo. Mimi nilikuwa nimeshajilaumu vya kutosha kwa wote wawili.

Sasa ikawa zamu yangu. Mshono ulikuwa umepona, na mwili ulikuwa umeanza kunitii, ingawa bado sikuruhusiwa vitu vizito. Mume wangu alimlipa mtu wa toroli atuletee maji kila asubuhi, jambo ambalo mama mkwe alikuwa amelikataa tangu mabomba yalipokauka. Nilimkalisha, nilimlaza, nilimgeuza. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, uzito mgumu wa mtu aliyefanya kazi. Nilimwingizia mkono chini ya bega nikihisi tumbo langu likijikaza kabla ya mkono kuvuta, kama yule dada alivyosema, na badala ya kufurahi kwamba linakumbuka nilitamani lisahau, litoke kwangu liende kwake.

Aliniomba kitu kimoja.

"Nifunge na mimi kile kitenge. Mbavu zitatulia."

Nilienda kuuliza. Yule dada wa mazoezi akatikisa kichwa. Mtu wa umri wake akifungwa mbavu anapumua juu juu, makohozi yanabaki chini, kifua kinaingia ugonjwa. Inabidi avute pumzi ndefu kila saa, hata ikiuma, na akohoe.

Kwa hiyo nilirudi na kumnyima. Yeye alinifunga kila asubuhi kwa mikono yake, na siku alipotaka kufungwa yeye nikamwambia hapana.

"Basi na mimi nimepewa kazi ya kupumua," akasema.

Nilimwekea mto ubavuni, nikaukandamiza kwa kiganja. "Vuta, mama. Mpaka mbavu zifunguke." Alivuta kidogo, uso ukajikunja, akaacha. Alikuwa anapumua kama ndege, shingoni. "Tena, mama." Jasho likamtoka kwenye mdomo wa juu. Aliposhikwa na kikohozi alinikamata mkono, kucha zikaniingia. Hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyelia.

"Kumbe ni kazi ngumu hivi," akasema alipotulia. Akafumba macho. "Nisamehe, mwanangu. Siku ile nilipokukuta mkekani nilimwambia dada yangu nimepata mkwe mvivu."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nilisema. Nisamehe."

Aliyekuwa amevunjika mbavu kwa ajili ya maji yangu ya kuoga ndiye aliyekuwa anaomba msamaha. Nilitoka uani nikasimama karibu na kamba ya nguo, nikashika nepi iliyokuwa imekauka zamani, nikaikunja na kuikunjua mpaka mtoto akaniita kwa kilio.

Siku zikaenda. Tulikuwa tunalala mkekani watatu, mimi, yeye na mtoto katikati, sote tunatazama dari. Mtoto ndiye aliyekuwa fundi. Tumbo lake lilipanda na kushuka bila kufundishwa na mtu. Mama mkwe alimwekea kidole juu ya kitovu akasema, "Huyu ndiye mwalimu wenu, wewe na daktari wako." Kidogo kidogo pumzi yake ikarefuka. Akaweza kukaa, akaweza kutembea hadi barabarani. Lakini ule mgongo haukurudi ulivyokuwa. Upande mmoja ulibaki umekaza, naye akawa anatembea ameegemea hewani, bega moja chini, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali. Akiinama kuokota kijiko alipiga goti kwanza. Nyonga ile iliyokuwa ikifunguka kama bawaba ilikuwa imeshika kutu.

Katika wiki hizohizo mimi nilipona. Siku moja nilimchukua anisindikize kliniki, naye aonwe. Yule dada alinilaza, akaweka vidole, akaniambia niinue kichwa. Havikuzama.

"Safi sana!" akasema kwa sauti. "Tumbo limefunga. Tazama, mama, mkwe wako ni mwanafunzi hodari."

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi, ameegemea upande wake mzima. Akapiga makofi mawili matatu, taratibu, asijiumize. Nilishuka kitandani bila kushikwa na mtu, na niliona aibu kwa namna nilivyoshuka vyepesi.

Mtoto alibatizwa Pasaka. Kwaya ilinipa mstari wangu, na mwalimu alinipa ishara kwa kichwa. Nilivuta pumzi, mbavu zikafunguka, nikasikia kitu kikijikaza chini kabisa na kupanda, na sauti ikatoka imebebwa. Ilipita juu ya vichwa vya watu ikafika ukutani. Wenzangu wa kwaya waligeuka kunitazama. Sijawahi kuimba vile kabla ya kuzaa, na sidhani kama nitaimba vile tena.

Mama mkwe alikuwa benchi la mbele na mtoto mapajani, ndani ya nguo nyeupe. Padri alipomimina maji, ilikuwa desturi bibi wa mtoto aanze kigelegele. Nilimwona akiinua kidevu. Nilimwona akivuta pumzi. Halafu mkono ukaenda ubavuni, mdomo ukabaki wazi, na kilichotoka kilikuwa sauti ndogo kama ya mlango. Wanawake wa nyuma yake walikidaka haraka wakakipeleka juu, kanisa zima likajaa, na mtu asiyejua angedhani ni yeye aliyeanzisha. Mimi nilijua. Nilikuwa katikati ya ubeti na sikuweza kuacha. Niliendelea kuimba, sauti ikitoka vizuri, vizuri sana.

Alirudi kijijini wiki iliyofuata. Mahindi yake yalipandwa na majirani, na yalitoka machache. Matuta ya nyasi hayakutengenezwa kabisa, kwa sababu kule juu matuta hutengenezwa kabla mvua haijaisha: unakata nyasi, unazikusanya, unazifukia kwa udongo ziwe vilima vidogo vya duara, zioze humo mpaka msimu mwingine. Ni kazi ya kuinama na kusokota kiuno, jembe linaenda kushoto, udongo unatupwa kulia. Kazi ile alikuwa ameifanya tangu akiwa msichana.

Mwaka uliofuata, mvua zilipokuwa zinaelekea kuisha, nilipanda basi na mtoto mgongoni nikaenda kumtengenezea matuta. Alinipokea barabarani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipokonya mkoba, nami nikaurudisha, tukavutana kidogo mbele ya kondakta mpaka akakubali kubeba mwavuli peke yake.

Shambani aliketi kwenye kigoda pembeni, mtoto anacheza miguuni pake, akaniongoza kwa mdomo.

"Usipinde mgongo! Katikia hapa!" Akajipiga nyongani. "Toa pumzi jembe likishuka. Si wewe uliyesomea kupumua?"

Nilicheka. Nikalima mpaka jua likawa juu. Nilipofika karibu na kigoda chake nikasimama kunywa maji, na lile neno nililokuwa nimelibeba mwaka mzima likatoka lenyewe.

"Mama, mgongo wako uliharibika kwa ajili yangu."

Alikuwa anamfuta mtoto udongo mdomoni. Hakuinua macho.

"Uliharibika kwa ajili ya tope," akasema.

"Ungekuwa huku kwako, mama, usingeanguka."

"Ningekuwa huku ningeanguka huku. Uliwahi kuniona mimi nimekaa tu?" Sasa alinitazama, na uso wake ulikuwa na ukali kidogo. "Kila ukija unanitazama kama mtu aliyefiwa. Mimi bado nipo. Nikikuona unanitazama hivyo ndipo ninapojiona mlemavu."

Nilikuwa nimedhani huzuni yangu ni heshima ninayompa, kumbe ilikuwa mzigo mwingine nilioongeza juu ya mizigo yake. Hata hatia yangu alikuwa anaibeba yeye.

"Nimesikia, mama," nikasema.

"Haya. Tuta lile la tatu limekaa vibaya, maji yatalibomoa. Lirudie."

Nililirudia. Wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa ziwa, upepo umeanza kulaza nyasi, na watu wa mashamba ya jirani walikuwa wanakusanya majembe. Nilijitahidi kutomtazama. Niliinamia udongo, nikatoa pumzi, nikageuza kiuno, na mwili wangu ukafanya kila nilichouambia. Nilipochungulia mara moja, kwa chini ya kwapa, nilimwona amesimama kutoka kwenye kigoda, ameegemea upande wake ule, anamwonyesha mtoto mahali mvua inapotokea.